Je, mwanamichezo anaweza kushindana bila kula nyama?

Jua linapopungua makali, viwanja vya Kombani, Waa, Ng'ombeni na Tiwi hujaa vijana. Wengine hucheza kandanda, wengine hukimbia kando ya barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, na wengine hupanda mlima kuelekea mjini Kwale ili kujenga pumzi. Wengi wao wametoka nyumbani ambako chakula cha mchana kilikuwa sima na mchicha, au muhogo kwa chai ya rangi. Nyama huonekana siku ya Idi, siku ya harusi, au mwisho wa mwezi.

Mchezaji akilegea kipindi cha pili, lawama huangukia sahani. Watu husema hana nguvu kwa sababu hali nyama. Kuna wazazi wanaojilaumu kwa kutomudu kilo ya nyama kila wiki, na kuna vijana wanaotumia pesa zao chache kununua poda za kujenga misuli. Wapo pia wakaazi wasiokula nyama kwa hiari yao, kwa sababu ya imani au afya, ambao huambiwa kwamba michezo si yao.

Jibu la wataalamu wa lishe ni kwamba mtu anaweza kushindana, hata katika ngazi ya juu kabisa, bila kula nyama. Hata hivyo, jibu hilo lina masharti. Chakula chenyewe lazima kiwe cha kutosha, kiwe kimechanganywa vizuri, na damu ya mwanamichezo iwe na afya. Makala haya yanaeleza masharti hayo na jinsi yanavyoweza kutimizwa kwa vyakula vinavyopatikana hapa Kwale.

Wakimbiaji wetu mashuhuri wanakula nini?

Mfano ulio karibu nasi ni wa wakimbiaji wa masafa marefu wa Kenya. Mwaka 2004, watafiti wakiongozwa na Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walichapisha matokeo ya utafiti kuhusu wakimbiaji 10 wa kiwango cha juu. Kwa siku saba za mazoezi makali, kila walichokula na kunywa kilipimwa.

Ilibainika kwamba asilimia 86 ya nguvu waliyopata katika chakula ilitoka kwenye mimea, na asilimia 14 pekee ilitoka kwa wanyama. Ugali peke yake ulitoa karibu robo ya nguvu yote. Wanga ulikuwa zaidi ya robo tatu ya chakula chao. Protini ilikuwa gramu 1.3 kwa kila kilo ya uzani wa mwili kwa siku, kiasi ambacho kinalingana na mapendekezo ya wanamichezo wa mbio ndefu.

Wakimbiaji hao hawakuwa walaji mboga kamili, kwani walitia maziwa kwenye chai na kula nyama kidogo. Lakini mlo wao ulikuwa karibu zaidi na sahani ya kawaida ya Kombani kuliko na ile ya nyama choma ambayo wengi hudhani ndiyo siri ya ushindi.

Hali ni hiyo hiyo kwa majirani zetu wa Ethiopia. Utafiti kuhusu wakimbiaji bora wa nchi hiyo ulionyesha kuwa karibu asilimia 88 ya chakula chao ilitokana na mimea. Zaidi ya hayo, waumini wa Kanisa la Othodoksi la Ethiopia hufunga kwa kuacha nyama, maziwa na mayai kwa karibu nusu ya mwaka au zaidi, na wengi wa wakimbiaji wa huko wamelelewa katika desturi hiyo.

Ng'ambo nako kuna waliokwenda mbali zaidi. Murray Rose wa Australia, aliyelelewa bila kula nyama, alishinda medali tatu za dhahabu za kuogelea katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956 akiwa na umri wa miaka 17. Scott Jurek wa Marekani, ambaye hula vyakula vya mimea pekee, alishinda mbio za Western States za maili 100, yaani takriban kilomita 160, mara saba mfululizo kuanzia mwaka 1999 hadi 2005.

Ni kweli kwamba mifano ya watu wachache haithibitishi kwamba kila anayeacha nyama atashinda. Inathibitisha tu kwamba kukosa nyama peke yake si kizuizi.

Chakula kinavyogeuka kuwa nguvu

Ili kuelewa sababu, ni vyema kujua kazi ya kila aina ya chakula.

Wanga ndio mafuta ya gari kwa mwanamichezo. Sima, wali, muhogo, viazi vitamu, ndizi, chapati na mahamri vikishayeyushwa tumboni, sukari yake huhifadhiwa kwenye misuli na ini. Mchezaji anapokimbia kwa kasi, akiba hiyo ndiyo inayotumika kwanza. Ikiisha, miguu huwa mizito na macho hupungua makini. Mara nyingi mchezaji anayeishiwa nguvu dakika ya 70 hakukosa nyama. Amekosa kiamsha kinywa, au chakula chake cha mchana kilikuwa kidogo. Nyama yenyewe haina wanga wa maana.

Protini hujenga na kukarabati misuli iliyochoka baada ya mazoezi. Hapa nyama, samaki, mayai na maziwa vina faida, kwa sababu protini yake imekamilika na mwili huitumia kwa urahisi. Lakini kunde, pojo, maharagwe, mbaazi, njugu na korosho nazo zina protini nyingi.

Mafuta, yakiwemo ya nazi, njugu na korosho, hutoa nguvu nyingi katika kiasi kidogo cha chakula. Hili lina umuhimu kwa asiyekula nyama, kwa sababu mboga na nafaka hujaza tumbo haraka kabla mwili haujapata nguvu ya kutosha. Kijana anayefanya mazoezi kila siku anaweza kushiba na bado akawa amekula pungufu. Tui la nazi kwenye kunde au konzi ya njugu baada ya mazoezi husaidia kuziba pengo hilo.

Hesabu ya protini kwa vyakula vya nyumbani

Wanamichezo wanashauriwa kupata kati ya gramu 1.2 na gramu 2 za protini kwa kila kilo ya uzani wao kwa siku, kulingana na aina na ukali wa mazoezi. Kijana wa kilo 60 anayecheza kandanda, kwa hivyo, anahitaji angalau gramu 72.

Tuseme kijana huyo anakula sima ya gramu 400 za unga wa mahindi kwa siku, pamoja na mchicha. Unga huo utampa takriban gramu 32 za protini, na mchicha utaongeza gramu chache tu. Hajafika hata nusu ya safari vizuri. Huyu ndiye anayesemwa hana nguvu kwa kukosa nyama.

Sasa aongezewe gramu 150 za kunde au pojo kavu kabla ya kupikwa, sawa na karibu kikombe kimoja kidogo cha chai. Hizo zina takriban gramu 35 za protini. Akila pia gramu 50 za njugu, anapata nyingine kama 12. Jumla inakaribia gramu 80, bila kipande cha nyama. Kilichobadilika ni kunde na njugu zilizoingia kwenye sahani.

Kuna sababu ya pili ya kula nafaka pamoja na jamii ya kunde. Protini huundwa na vipande vidogo vingi, na mwili huhitaji vyote. Mahindi yana upungufu wa kipande kimoja muhimu kiitwacho laisini, ambacho kunde na maharagwe vimejaa. Kunde nazo zina upungufu wa kipande kingine ambacho mahindi yanacho. Vikiliwa pamoja au ndani ya siku moja, kimoja hukamilisha kingine. Wazee waliopika mahindi kwa kunde, wali kwa pojo, na mbaazi za nazi kwa mahamri walikuwa tayari wamelitatua jambo hili kabla halijaandikwa vitabuni.

Vitu ambavyo mimea haitoi kwa urahisi

Pamoja na hayo, mtu asiyekula nyama lazima awe mwangalifu kwa mambo kadhaa.

La kwanza ni vitamini B12. Vitamini hii inahitajika katika kutengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu. Hupatikana kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Mboga, matunda na nafaka hazina kiasi cha kutegemewa. Mtu anayekula mayai, anayekunywa maziwa au anayekula dagaa mara kwa mara anaweza kupata ya kutosha. Asiyekula chochote kitokacho kwa mnyama anahitaji chakula kilichoongezwa vitamini hiyo, au vidonge kwa ushauri wa mhudumu wa afya. Upungufu wake huja polepole na unaweza kuchukua miaka kujitokeza. Mgonjwa huhisi uchovu, ganzi mikononi na miguuni, na husahau mambo.

Tangu mwaka 2012, sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwenye pakiti uongezwe virutubishi, yakiwemo madini ya chuma na zinki pamoja na vitamini za jamii ya B. Unga unaosagwa kwenye visiagi vya mtaani kwa kawaida hauongezwi virutubishi hivyo. Si vibaya kuutumia, ila familia inayoutegemea inapaswa kujua kwamba virutubishi hivyo lazima vitoke kwenye kitoweo.

La pili ni madini ya chuma. Madini haya ndiyo yanayoiwezesha damu kubeba hewa safi kutoka mapafuni hadi kwenye misuli. Yapo kwenye mchicha, majani ya kunde, kisamvu, matembele, kunde na pojo, lakini mwili huyafyonza kidogo kuliko yale ya nyama na samaki. Njia tatu rahisi husaidia:

• Kula tunda au kitu chenye vitamini C pamoja na chakula: chungwa, embe, pera, papai, bibo, au ndimu iliyokamuliwa juu ya kunde.

• Kuepuka chai na kahawa wakati wa kula. Chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Ni bora kusubiri angalau saa moja baada ya chakula.

• Kuloweka kunde, pojo na maharagwe usiku kucha na kumwaga maji kabla ya kupika. Hii hupunguza kemikali za asili zinazoyashika madini hayo.

La tatu ni kalsiamu na zinki, kwa ajili ya mifupa na kinga ya mwili. Maziwa na dagaa wanaoliwa na mifupa yao hutoa kalsiamu nyingi. Kwa asiyetumia vyakula hivyo, mboga za majani na ufuta husaidia. Zinki hupatikana kwenye jamii ya kunde, njugu na korosho.

Wasichana wanahitaji uangalizi wa ziada. Kila mwezi hupoteza damu, na pamoja nayo madini ya chuma. Msichana anayekimbia au kucheza mpira huku akila chakula kidogo anaweza kuishiwa damu, na hata hedhi yake inaweza kukoma. Hedhi kukoma kwa sababu ya mazoezi ni dalili kwamba mwili hauli kiasi kinacholingana na kazi unayofanya, na haipaswi kufurahiwa wala kunyamaziwa.

Funzo kutoka Embu

Haitakuwa haki kumwambia mzazi kwamba nyama na maziwa hayana maana kwa mtoto. Kuanzia mwaka 1998, utafiti mkubwa ulifanywa katika shule 12 za msingi eneo la Embu, ukihusisha watoto zaidi ya 500 walioanza wakiwa darasa la kwanza. Baadhi ya shule zilipewa githeri yenye nyama, nyingine githeri pamoja na maziwa, nyingine githeri iliyoongezwa mafuta, na kundi la mwisho halikupewa chakula.

Watoto waliokula nyama waliongeza misuli ya mkono zaidi, walicheza kwa bidii zaidi uwanjani, na walifanya vizuri zaidi katika jaribio la kufikiri. Kiwango cha vitamini B12 mwilini kilipanda kwa waliopewa nyama na kwa waliopewa maziwa.

Ikumbukwe kwamba watoto hao walikuwa wakiishi kwa mahindi na maharagwe, na vyakula vya wanyama walivipata kwa nadra mno. Funzo lake ni kwamba mtoto anayekua, ambaye mlo wake ni wa aina moja au mbili tu, hunufaika sana na kiasi kidogo cha chakula cha mnyama. Hapa Pwani, kiasi hicho si lazima kiwe nyama ya ng'ombe. Yai moja, kikombe cha maziwa au kijiko cha dagaa waliosagwa na kukorogwa kwenye kitoweo hufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo. Familia iliyochagua kutokula nyama kabisa inapaswa kupata ushauri wa mtaalamu wa lishe kwa ajili ya watoto wake, hasa kuhusu vitamini B12.

Damu kwanza: funzo kutoka hapa Kwale

Kuna sababu nyingine ya vijana wa Kwale kuchoka mapema, na sababu hii haihusiani na nyama hata kidogo. Ni minyoo na kichocho.

Mwaka 1990, watafiti akiwemo Lani Stephenson na Michael Latham wa Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, pamoja na wenzao wa Kenya, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya kwa wavulana wa shule za msingi katika iliyokuwa wilaya ya Kwale. Wavulana hao walikuwa na minyoo ya safura na aina nyingine za minyoo, na wengine walikuwa na kichocho. Walipimwa uwezo wa mwili kwa kupanda na kushuka kidato kwa muda maalum, kisha mapigo ya moyo yakahesabiwa. Baadhi walipewa dawa, na wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa.

Walipopimwa tena, waliotibiwa walikuwa na uwezo bora wa mwili kuliko wasiotibiwa, na hamu yao ya chakula iliongezeka. Dozi ya dawa ilifanya kile ambacho wengi wetu tungedhani ni kazi ya nyama.

Sababu yake ni rahisi kueleza. Minyoo ya safura hujishikiza kwenye utumbo na kufyonza damu. Kichocho cha njia ya mkojo, ambacho kimejulikana kwa miaka mingi katika vijiji vya Msambweni na maeneo mengine ya kaunti yenye madimbwi na vijito, hufanya damu itoke kwenye mkojo. Damu ikipungua, hewa safi inayofika kwenye misuli hupungua. Mchezaji hutweta mapema, moyo humwenda mbio, na kocha humwona mvivu. Nyama anayopewa mtoto mwenye safura isiyotibiwa hulisha pia minyoo iliyomo tumboni mwake.

Habari njema ni kwamba tatizo hili linapunguzika. Kati ya mwaka 2015 na 2017, Kwale ilikuwa eneo la utafiti uliojulikana kama TUMIKIA, ambapo dawa za minyoo zilitolewa nyumba kwa nyumba kwa watu wa rika zote, badala ya wanafunzi pekee. Katika maeneo hayo, idadi ya watu wenye minyoo ya safura ilishuka kwa zaidi ya nusu. Hii inaonyesha kwamba mwanamichezo hawezi kujikinga peke yake ikiwa wazazi, wadogo zake na majirani bado wana minyoo. Choo kinachotumiwa na kila mtu, viatu miguuni na kuepuka kuoga kwenye madimbwi ni sehemu ya mazoezi kama kukimbia kwenyewe.

Malaria na ugonjwa wa selimundu pia hupunguza damu, na yote mawili yapo Pwani. Ndiyo maana mtu hashauriwi kujinunulia vidonge vya madini ya chuma kwa sababu tu anajihisi amechoka. Apimwe kwanza, chanzo kijulikane, kisha atibiwe ipasavyo.

Poda na vidonge vya kujenga misuli

Vijana wengi huuliza kuhusu poda za protini na kreatini. Kreatini ni kemikali ya asili iliyomo kwenye nyama na samaki, na mwili wenyewe pia huitengeneza. Ni kweli kwamba wasiokula nyama huwa na akiba ndogo ya kreatini misulini, na kwamba kuiongeza kunaweza kusaidia katika juhudi fupi za kasi, kama kunyanyua vyuma. Lakini mchezaji wa kawaida hazuiwi na upungufu huo, na poda haiwezi kuziba pengo la mtu aliyekosa chakula cha mchana.

Ipo hatari pia. Baadhi ya poda na vidonge vinavyouzwa madukani na mitandaoni huwa vimechanganywa na vitu ambavyo havikuandikwa kwenye mkebe, vikiwemo vilivyopigwa marufuku michezoni. Kanuni zinazosimamiwa nchini na shirika la kupambana na dawa hizo, ADAK, humwajibisha mwanamichezo kwa chochote kitakachopatikana mwilini mwake, hata kama hakujua. Kijana mwenye ndoto ya kuvaa jezi ya taifa anaweza kuipoteza kwa mkebe mmoja. Kunde na njugu hazina hatari hiyo.

Sahani ya mwanamichezo, asubuhi hadi usiku

Ufuatao ni mfano wa siku moja kwa kijana asiyekula nyama. Vyakula vyenyewe ni vya kawaida katika masoko yetu, na kila familia inaweza kubadilisha kulingana na msimu na mfuko wake.

Asubuhi: mahamri, chapati au viazi vitamu kwa mbaazi za nazi, na tunda. Uji uliotiwa maziwa au njugu zilizosagwa pia unafaa. Chai inywewe baadaye.

Mchana: sima au wali kwa kunde au pojo, mboga za majani, na ndimu au chungwa. Ikiwa kuna mechi jioni, chakula hiki kiliwe saa tatu hivi kabla, ili tumbo lisiwe zito.

Kabla na wakati wa mazoezi: ndizi moja au mbili, na maji. Joto la Pwani hukausha mwili haraka. Dafu ni kinywaji kizuri, ingawa haliondoi haja ya kunywa maji.

Baada ya mazoezi: konzi ya njugu au korosho pamoja na ndizi au muhogo wa kuchemsha, ndani ya saa moja au mbili. Huu ndio wakati misuli inarudisha akiba yake.

Usiku: muhogo, wali au sima kwa maharagwe ya nazi na kisamvu, mchunga au matembele. Anayekula mayai au kunywa maziwa aongeze yai au kikombe kimoja.

Mwezi wa Ramadhani, wanaofunga wanaweza kuugawa mlo huu kati ya futari, chakula cha usiku na daku. Daku isiachwe, na iwe na kunde au pojo pamoja na wanga, kwa sababu hukaa tumboni muda mrefu zaidi kuliko chai na mkate. Mazoezi makali ni bora yafanywe baada ya kufuturu.

Hatua za kuchukua

Wazazi, walimu wa michezo na makocha wanahimizwa kuzingatia mambo yafuatayo:

1. Mchezaji anapochoka isivyo kawaida, aulizwe kwanza alikula nini na wakati gani siku hiyo.

2. Apelekwe zahanati au kituo cha afya kilicho karibu kupimwa damu ikiwa anatweta haraka, ana kizunguzungu, au viganja na ndani ya kope vimepauka. Kwa msichana au mwanamke asiye mjamzito, kipimo cha damu kilicho chini ya 12 huhesabiwa kuwa upungufu.

3. Anayeona damu kwenye mkojo asione haya. Kichocho kina dawa.

4. Familia nzima imeze dawa za minyoo zinapotolewa, si wanafunzi peke yao.

5. Asiyekula chakula chochote cha wanyama azungumze na mtaalamu wa lishe kuhusu vitamini B12. Hospitali ya Kwale na Hospitali ya Rufaa ya Msambweni zinaweza kuwaelekeza wakaazi, na wahudumu wa afya ya jamii vijijini ni mahali pazuri pa kuanzia.

6. Pesa zilizotengwa kwa ajili ya poda zinunue kunde, njugu, mayai na matunda.

Mzazi asiyemudu nyama hajamnyima mtoto wake nafasi ya kushindana. Kikombe cha kunde juu ya sima, chungwa baada ya chakula, kiamsha kinywa kabla ya shule na damu iliyopimwa vitamfikisha mchezaji dakika ya 90.